Dongmu, Njoo Tucheze

Siku arobaini na tano baada ya mumewe kufa na mwili wake kuchomwa, Tak Sunnam alikuwa na uchovu ambao usingizi hauutoi. Si kilio kilichomchosha. Kilio alikimaliza wiki mbili za kwanza, akapumua. Kilichomchosha ni neno moja. Tangu alipotoa ile bahasha ya dawa na kuwaonyesha watu alichoandika marehemu nyuma yake, haikupita siku bila mtu kumfundisha maana ya neno ambalo yeye alilijua tangu hajaota meno.

Bahasha yenyewe ilikuwa mezani pale alipoketi, kwa fundi Pyo, mchonga mawe ya makaburi, nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda kwenye mgodi uliofungwa. Mumewe, Ma Jongsu, alikuwa ameandika kwa kalamu ya nesi akiwa hospitalini: Kwenye jiwe langu andikeni, Dongmu, njoo tucheze. Basi. Hakuandika tarehe, hakuandika sababu. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kukuachia kazi halafu yeye huyo, kaenda zake.

Dongmu. Watoto wa zamani, kabla nchi haijakatwa vipande viwili, waliitana hivyo. Unasimama nje ya mlango wa mwenzako, unapaza sauti, dongmu, njoo tucheze, naye anatoka na makamasi yake, mnaelekea mtoni. Kisha wale wa kaskazini wakalichukua neno, wakaitana hivyo chamani na jeshini, na huku kusini likageuka kuwa ugonjwa. Watu wakahamia kwenye chingu, ambalo nalo ni rafiki, ila halijawahi kumtia mtu jela. Hili lingine lilimtia Jongsu jela miezi kumi, mwaka sabini na saba. Anayedhani natia chumvi akaulize mahakamani, karatasi zipo.

Wakati huo Jongsu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa miaka ishirini na nne, kazi hata hajaizoea. Aliandika ubaoni mada ya insha: Dongmu wangu. Watoto hamsini na wanane wakaandika kuhusu wenzao, mbwa wao, na mmoja kuhusu ng'ombe. Baba wa mtoto fulani akalisoma daftari, akaenda polisi. Alipotoka jela, ualimu ulikuwa umekwisha, akasambaza makaa ya kupikia kwa mkokoteni hadi makaa yenyewe yalipopitwa na wakati. Sunnam alimkuta na vidole vyeusi vya makaa, akaolewa naye hivyohivyo. Miaka kumi na miwili iliyopita kesi ilifunguliwa upya na mahakama ikamwona hana hatia, hukumu ikasema neno limo katika kamusi. Ndani ya basi la kurudi nyumbani Jongsu alicheka mpaka abiria wakageuka. "Imewachukua miaka thelathini na sita kufungua kamusi," alisema.

"Mama Haewon," alisema fundi Pyo, kwa sauti kubwa ya mtu ambaye mashine imemla masikio, "mimi nahitaji siku tatu. Leo Jumanne. Siku ya arobaini na tisa, ya tambiko la kumuaga marehemu, ni Jumamosi, sivyo?"

"Ni Jumamosi."

"Basi nianze."

"Shemeji yuko njiani."

"Akija atakubali?"

"Atakataa."

"Sasa tunamsubiria nini?"

"Kilima ni chake," Sunnam alisema.

Hapo ndipo palipokuwa na shida yote. Ukoo wa Ma unazikana kwenye kilima kimoja, na hati ya kilima ina jina la Ma Jonghyok, kaka mkubwa wa marehemu. Hakuna jiwe linalosimama pale bila yeye kuitikia kwa kichwa. Jongsu aliomba vitu viwili tu kabla hajafa, na Sunnam aliahidi vyote viwili kwa kumshika mkono: hilo neno kwenye jiwe, na majivu yake yalale miguuni pa mama yake. Jonghyok akikataa, kilichobaki ni jengo la manispaa la kuhifadhi majivu, ghorofa ya tatu, mume wake rafuni na namba kifuani kama sanduku la viatu dukani. Akilegeza neno anapata kilima. Akishikilia neno anapata rafu. Siku arobaini na tano alikuwa akilipindua jambo hilo huku na huku, na halikuwa na upande wa tatu.

Simu ikalia. Alikuwa Haewon, binti yake, kutoka Seoul.

"Mama, umeshaonana na ba'mkubwa?"

"Bado."

"Sikiliza. Wale watu wa chama cha haki wanataka kuja Jumamosi. Wana bango tayari. Jiwe la Uhuru wa Kusema. Watapiga picha, watahoji. Ba'mkubwa akileta ukorofi tunamweka mtandaoni, watu wamjue. Huyo ni mrengo wa kulia uliokithiri, mama, tuache kuremba."

"Ba'mkubwa wako hana mrengo wowote. Ana magoti mabovu."

"Mama, mimi nasema jambo zito."

"Na mimi pia. Baba yako hakuandika uhuru wowote hapa. Kaandika tucheze."

"Ni ishara, mama."

"Ishara ya nini? Ulimuuliza?" Sunnam akajuta kidogo palepale, kwa sababu mtoto naye kafiwa, na kila mtu analia kwa namna aijuayo. "Waambie wasije na bango," alisema kwa upole zaidi. "Waje wale wali, kama wanataka kuja. Bango hapana."

Alikata simu, akakuta fundi Pyo kamwekea glasi ya chai ya shayiri. Nje gari lilikuwa linaegeshwa vibaya, mbele, nyuma, mbele tena, na hakuhitaji kuchungulia ili ajue dereva ni nani.

Ma Jonghyok aliingia akiwa na kizibao chake cha wanajeshi wastaafu, chenye vifungo vya shaba na beji ya bendera. Miaka sabini na minne, mgongo bado umenyooka, magoti ndiyo yaliyomsaliti. Miezi hii ya maandamano alikuwa akienda Seoul kila Jumamosi kwa basi la kukodi kupeperusha bendera, na jirani yake wa ukutani alikuwa akienda Seoul Jumamosi hiyohiyo kupeperusha ya upande wa pili. Wakirudi walikuwa hawasalimiani mpaka Jumatano.

"Shemeji," alisema, akainamisha kichwa.

"Shemeji, karibu ukae. Magoti yanaendeleaje?"

"Magoti ni magoti." Alikaa, akaikwepa bahasha kwa macho. "Nimekuja kusema kwa heshima. Kilima kipo, na nafasi ipo. Nimemwachia nafasi miguuni pa mama, na yangu ni hiyo ya pembeni yake. Lakini neno hilo halipandi kile kilima."

"Mahakama ilisema neno halina kosa."

"Mahakama ni mahakama. Midomo ya watu ni midomo ya watu. Chuseok, sikukuu ya mavuno, watu watapita pale wakienda kusafisha makaburi yao, watasoma. Watasema kilima cha akina Ma ni cha wekundu, cha wakomunisti. Wajukuu wangu wataambiwa."

"Wajukuu zako hawalijui hata hilo neno. Yule mdogo aliniuliza kama ni aina ya mchezo wa kompyuta."

Fundi Pyo alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Shemeji, unalifanyia mzaha," Jonghyok alisema. "Wale walitunyang'anya hilo neno. Wamelipaka damu. Mimi nimewaona kwa macho yangu mpakani. Ukilitumia leo unajipanga upande wao, upende usipende. Maneno yana pande."

"Na kimchi, kabichi yetu ya kuchachua, wanakula. Mbona hatujaiacha?"

"Kimchi si siasa."

"Kwani insha ya watoto ilikuwa siasa?"

Jonghyok alizungusha glasi ya chai aliyowekewa naye. "Haewon ndiye anayekutia maneno haya. Mtoto huyo kawa mwekundu kama, kama watu wa huko Seoul."

"Haewon anauza bima, shemeji. Wekundu wangapi unawajua wanaouza bima? Yeye naye anakuita wewe jina lako huko. Mimi nipo katikati, kila upande unanipa kamusi yake. Nimechoka. Mwekundu, mrengo, msaliti, mzalendo. Siku hizi mtu akiniambia habari za asubuhi nangoja kwanza nione yuko upande gani."

"Jamani, mnaniruhusu mimi fundi?" Pyo alisema, akivuta kigoda. Alikuwa mtu wa kupenda amani, hasa amani inayomwezesha kufunga kiwanda saa kumi na moja. "Tuongeze bega. Okkedongmu. Watoto wanaotembea wamekumbatiana mabega, neno hilo lipo kwenye vitabu vya chekechea, serikali yenyewe inalitumia. Lina dongmu ndani na hakuna aliyewahi kukamatwa."

"Kwa hiyo likiwa na bega ni halali," Sunnam alisema, "likikosa bega ni jela."

"Ndivyo ilivyo nchi yetu, mama."

"Hilo naweza kulikubali," Jonghyok alisema haraka. "La bega, sawa. Au chingu. Chingu ni zuri, kila mtu anaelewa."

Na hapa Sunnam, niseme ukweli, aliyumba. Herufi mbili tu za Kikorea zingeongezwa mbele. Jongsu angepata mama yake, yeye angepata usingizi, na Jumamosi watu wangekula wangeondoka. Nani angemlaumu? Aliiangalia bahasha. Aliikumbuka ile kalamu ya nesi, jinsi alivyomshikia kiwiko ili aandike, na jinsi Jongsu alivyotaka kumaliza mwenyewe, bila kusaidiwa. Mtu aliyefungwa kwa neno hilo alirudi kulitafuta siku ya mwisho, na mke wake alibadilishe ili wageni wasikasirike? Alijiona mdogo kwa kulifikiria tu.

"Hapana," alisema. "Hakuandika bega."

"Shemeji."

"Hakuandika bega, hakuandika chingu. Kama ni rafu, basi nitampeleka rafuni na neno lake."

Jonghyok alisugua goti lake moja. Hakutegemea rafu. Tuseme wazi, alitegemea mjane atalia kidogo kisha atalegea, kama alivyolegea miaka yote kwenye kila jambo la ukoo.

Fundi Pyo ndiye aliyegeuza mambo, naye hakukusudia. "Mimi siasa sizijui," alisema, akikuna shingo. "Mimi kinachonitisha ni hiyo njoo tucheze. Marehemu anamwita nani aende kucheza kaburini? Nikipita kilimani nikasoma hivyo, nakimbia naacha viatu."

Sunnam alitabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akamwona shemeji yake. Uso wa Jonghyok ulikuwa umeshuka wote, kama nguo iliyotolewa kwenye kamba. Glasi aliishika kwa mikono miwili.

"Ananiita mimi," alisema.

"Nani?"

"Jongsu. Pembeni yake ni nafasi yangu, na yeye anajua. Ananiita mimi ili kila anayepanda pale asome." Sauti ilikuwa ya chini sana, fundi Pyo akasogeza sikio. "Anataka niaibike hata nikishakufa. Ana haki. Lakini siwezi, shemeji. Siwezi kulala chini ya hilo neno."

Sunnam hakuelewa, akamwambia haelewi. Jonghyok akaeleza, akiangalia sakafu yenye vumbi la mawe.

Mwaka ule wa sabini na saba yeye alikuwa sajini, jina lake liko kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Siku hizo ndugu akichafuka, wote mmechafuka. Walimwita kutoka kambini aje mahakamani kama shahidi, na sare yake. Madaftari ya watoto yalikuwa yamepangwa mezani. Mwendesha mashtaka alimuuliza swali moja tu. Nyumbani kwenu, neno hili mlilitumia kwa maana gani?

"Nikasema hatulijui," Jonghyok alisema. "Nikasema nyumbani kwetu halijawahi kutamkwa, sijui amelitoa wapi. Nikapiga saluti nikashuka. Yeye yuko pale, hatua nne kutoka kwangu."

Barabarani lori lilipita, vioo vikatetemeka.

Sunnam alijua kulikuwa na shahidi. Jongsu aliwahi kusema, shahidi mmoja, na hakuongeza. Karatasi za kesi alizifunga kwenye kitambaa akaziweka juu ya kabati, na mkewe hakuwa mtu wa kufungua vitambaa vya watu. Miaka arobaini na mitano ya ndoa. Kila Chuseok, kila mwaka mpya, Sunnam alitangulia siku moja kwenda nyumbani kwa huyu bwana, akakaa sakafuni na kikaango, akakaanga chapati za maharage za tambiko mpaka kiuno kikagoma. Akamsujudia na kumtakia maisha marefu. Na Jongsu, aliyekuwa anajua, alimmiminia kaka yake kikombe cha pombe ya mchele kwa mikono miwili, kila mwaka, akamuuliza habari za magoti.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Haikuwa ya Jonghyok peke yake. Alimkasirikia na marehemu, sana tu. Msamaha aliutoa kimya kimya, peke yake, halafu mke akaachiwa kikaango.

"Andika, fundi," Jonghyok alikuwa akisema, na sasa alikuwa amefuta macho kwa kiganja, bila kujificha. "Mwandikie kama alivyotaka. Kilima kiko wazi. Nimesema."

"Usiandike," Sunnam alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Umekalia hilo neno miaka arobaini na minane," alimwambia shemeji yake. "Umemfanya awe mwekundu kwa watu, mimi nikawa mke wa mwekundu, Haewon akatukanwa shuleni. Leo umetua mzigo wako, umepata nafuu, basi fundi aandike? Na mimi niseme asante shemeji? Sasa ni mimi ninayekataa. Mwite chingu. Mwite chochote. Wewe hustahili kuitwa hivyo, si hapa duniani wala kule kilimani."

Jonghyok aliinamisha kichwa kama askari anayesomewa adhabu, na kizibao chake chenye beji kilimpwaya mabegani. Fundi Pyo aliinuka polepole akaenda kusimama karibu na mashine yake, ambako mtu anaweza kujifanya anatafuta kitu.

Sunnam alivuta bahasha karibu. Alikuwa ameisoma labda mara mia, na kila mara aliisoma kama madai ya mtu aliyeonewa. Haewon aliisoma kama bango. Jonghyok kama shitaka. Akaisoma tena. Hapakuwa na madai wala shitaka. Palikuwa na mtoto amesimama nje ya mlango, anamwita mwenzake, na mwenzake hatoki. Alikuwa amemwita miaka arobaini na minane kwa vikombe vya pombe na maswali ya magoti, na alipoona muda umekwisha akaomba kalamu kwa nesi. Si kwa Sunnam alikuwa akiandika. Hilo lilimuuma kuliko yote, na hapakuwa na mtu wa kumfidia. Lakini neno lilikuwa la Jongsu, alitoe kwa amtakaye. Kama kuna jambo walilompokonya mwaka ule ni hilohilo, na yeye Sunnam hatakuwa wa pili.

"Andika, fundi," alisema. Alikuwa amechoka mno hata kupandisha sauti. "Kama ilivyo hapo. Usiongeze, usipunguze."

"Asante, shemeji," Jonghyok alisema.

"Sijakusamehe. Yeye ndiye aliyekusamehe. Mimi nitaona."

Fundi Pyo alirudi na penseli ya nta. Alikuwa na kanuni yake moja kwa kila mteja: jiwe halifutiki, kwa hiyo kabla hajagusa patasi ni lazima mtu wa marehemu ayasome maneno kwa sauti mbele ya jiwe, kosa lisije likawa lake. Alimkabidhi Sunnam bahasha. Sunnam akampa shemeji yake.

Jonghyok alisimama kwa shida mbele ya lile jiwe la kijivu ambalo bado halikuwa na kitu. Alishika bahasha mbali na macho, akaileta karibu. "Kwenye jiwe langu andikeni," alisoma, kisha akakwama. Fundi alingoja. Mdomo wa mzee ulijaribu mara mbili, sauti haikutoka, ya tatu ikatoka ndogo, isiyo ya askari.

"Dongmu," alisema. "Njoo tucheze."

"Na neno hilo la kwanza," Sunnam alisema, "nyumbani kwenu lilikuwa na maana gani?"

Alijua anamuumiza, akauliza hivyohivyo. Jonghyok aliligusa jiwe kwa kiganja.

"Mama alikuwa akifungua mlango," alisema. "Jongsu akiwa analia, mama ananiambia, dongmu wako analia, mchukue mkacheze." Alikunja bahasha, akaikunjua. "Mtoto wa kucheza naye. Basi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Sunnam aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeelekezwa njia baada ya kuzunguka mji siku nzima. Kisha akatafuta pa kukaa, na fundi Pyo akawasha mashine.